Waziri wa Kihispania

Kuna mwandishi kaandika juu ya asili ya maneno, kasema neno letu "waziri" tumelichukua kwa Waarabu, akaishia hapo. Mbona utamu ndio unaanza! Waarabu walipotawala Andalusia, huko Hispania, neno hilohilo, al-wazir, liliingia Kihispania likawa alguacil. Cheo kikaporomoka: leo huyo ni mtu wa kupeleka hati za mahakama. Kwenye uwanja wa mchezo wa kupigana na ng'ombe ndiye yule anayetangulia juu ya farasi, joho jeusi, kofia yenye manyoya ya ndege. Huku kwetu waziri kabaki juu, na ving'ora vyake barabarani. Halafu Waingereza wanamwita minister, neno la Kilatini lenye maana ya mtumishi. Sijui nani awakumbushe wa kwetu, maana msafara ukipita tunasimamishwa nusu saa juani.