Hepisidini, feritini, ama pakiti za damu: tumtabirie mgonjwa kwa kipi?

Huku Malindi mzee akiwa viganja vimekuwa vyeupe na akitembea kidogo anahema, neno la kwanza utalosikia ni "damu imepungua", alafu analetewa vidonge vya chuma, juisi ya bitiruti, mchicha, maini. Na kwa wengi yafaa kweli, manake minyoo, lishe duni na mimba za kufuatana zamaliza chuma mwilini. Shida ni wale ambao chuma wanacho tele, kilichoharibika ni uboho. Kuna ugonjwa waitwa mayelodisplasia, chembe za damu zinaanza kutengenezwa alafu zinafia mle mle ndani ya mfupa, na huyu ukimpa chuma wamuongezea mzigo tu.

Sasa watafiti wanavutana: je, molekuli zinazosimamia chuma zaweza kutuambia mgonjwa kama huyu ataendeleaje? Inayotajwa sana ni hepisidini, homoni ndogo ya ini. Ikipanda inafunga mlango wa chuma kutoka utumbo kuingia damuni, ikishuka mlango wabaki wazi. Mwaka 2014 ikatambuliwa nyengine, erithroferoni, ambayo chembe changa za uboho huitoa kuliambia ini lipunguze hepisidini, ndo maana mgonjwa wa uboho aweza kurundika chuma cha chakula ata kabla hajaongezewa damu.

Wanaoitetea hepisidini wana hoja nzito. Kwenye mayelofibrosisi, ugonjwa wa uboho kuwa na makovu, utafiti wa 2013 ulikuta wenye hepisidini ya juu na feritini ya juu (feritini ni protini inayohifadhi chuma mwilini) waliishi muda mfupi zaidi. Lakini angalia mayelodisplasia: hepisidini iko chini kabisa kwa wale wenye chembe zenye pete za chuma, na hao ndo kwa kawaida wanaishi muda mrefu kuliko wenzao, alafu iko juu kwa wale ambao chembe changa mbovu zimeshazidi, walio karibu na lukemia, yaani saratani ya damu. Kwa hivyo hiyo namba yaua, ama yaonyesha tu ni aina gani ya ugonjwa? Mimi naona la pili lina nguvu zaidi, haswa ukikumbuka kwamba homa, maambukizi na figo mbovu pia zapandisha hepisidini, na erithroferoni yaishusha, namba moja inavutwa huku na huku. Ata mizani ya kimataifa ya 2012 ya kukadiria hatari ya mayelodisplasia inaangalia kromosomu, chembe changa, hemoglobini, sahani za damu na neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu), chuma hakimo.

Feritini nayo si malaika, inapanda na uvimbe wowote mwilini, ila angalau inapimika kwa urahisi. Na hapa kuna ushahidi wa matibabu: jaribio la TELESTO, matokeo yake 2020, wagonjwa 225 wa mayelodisplasia ya hatari ndogo wenye feritini zaidi ya nanogramu 1000 kwa mililita, waliopewa dawa ya kutoa chuma walikaa takriban miaka 3.9 bila tukio baya, waliopewa dawa bandia miaka 3.0. Lakini kuishi kwa jumla hakukuonyesha tofauti ya wazi, na dawa yenyewe yataka figo zichungwe. Kwa hivyo anayesema chuma hakina maana amekosea, na anayesema ukitoa chuma umempa mgonjwa umri pia amezidisha.

Kwa mtu wa huku mi naegemea kitu cha kawaida kabisa, idadi ya pakiti za damu. Kila pakiti ina chuma kama miligramu 200 hadi 250, na mwili hauna njia ya kukitoa zaidi ya miligramu moja mbili kwa siku, kwa hivyo pakiti 20 zaleta gramu 4 mpaka 5, wakati mtu mzima mwili wake wote una gramu 3 au 4 tu. Hicho chajificha kwenye ini na moyo. Alafu mgonjwa leo kaongezewa hapa, mwezi ujao Kilifi, mwengine Mombasa, hakuna anayejumlisha! Mwanawe ama mjukuu akiandika kwenye daftari tarehe na pakiti ngapi, daktari atajua lini aitishe feritini na lini aanze kufikiria dawa ya kutoa chuma, na vile vidonge vya chuma viwekwe kando mpaka uboho upimwe.