Stering Hafi

Kila Jumamosi pale kwa kinyozi wetu Umoja, mimi ndiye hakimu wa sinema. Sikuchaguliwa na mtu. Siku moja nilianza kutoa maoni kichwa kikiwa kimenyolewa upande mmoja, watu wakasikiliza kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, na tangu hapo cheo ni changu.

Vijana wakisifu filamu zao mpya, mimi nawarudisha nyuma. Nawaambia zamani sinema ilikuwa na katiba, na kifungu cha kwanza kilisema: stering hafi. Bruce Lee mwaka 1973 alizungukwa na watu nikapoteza hesabu, na shati alikuwa amevua. Kwani alikufa? Arnold Schwarzenegger mwaka 1985 alivamia kisiwa kizima peke yake, askari wakimwaga risasi kama mahindi ya kuku, akatoka na mkwaruzo. Huo ndio uungwana. Unalipa kiingilio ukijua mtu wako atarudi nyumbani.

Siku hizi stering analia. Stering ana machungu ya utotoni. Adui anasubiri nje na bunduki, stering yuko ndani anamweleza daktari jinsi babake hakumpenda. Na giza! Juzi nimekaa sebuleni na tokeni zangu za stima nilizonunua kwa jasho, filamu nzima inachezwa usiku, ndani ya pango, na watu waliovaa nguo nyeusi. Nilipokaza macho nikaona mtu mnene mwenye mandazi mkononi. Nikamwambia mke wangu, "Angalau huyu anaonekana vizuri." Akaniambia, "Baba Kevo, hicho ni kioo. Huyo ni wewe."

Sauti nayo ni balaa lingine. Wakizungumza wananong'ona kama watu walio na deni dukani, unaongeza. Ukishaongeza tu, bomu. Jirani anagonga ukuta. Unapunguza, wanarudi kunong'ona. Mimi sitazami filamu tena, ninafanya kazi ya rimoti bila mshahara.

Tena hapo ni pale mmekubaliana cha kutazama. Mama Kevo anataka ya Wakorea, ile ya kusoma maandishi chini, na mimi nikisoma "Usiniache" tayari ameshaachwa. Kevo anataka ya watu wanaoruka. Binti hataki chochote, anataka bando. Tunapanda na kushuka na ile orodha ya picha dakika arobaini, ugali unaliwa, vyombo vinaoshwa, na kufikia hapo usiku umeisha.

Sasa, kuna siri ambayo kwa kinyozi haijulikani. Mimi, hakimu, sijawahi kuona mwisho wa sinema.

Msinicheke kabla hamjasikia. Nimelelewa South B, enzi ambazo Belle Vue kando ya Barabara ya Mombasa ilikuwa bado sinema ya magari. Siku hizi limebaki jina la steji. Wenye magari walikuwa wakining'iniza spika dirishani wanakula chipsi. Sisi tulikuwa nje ya ua, juu ya mti, na mti haukuwa na spika. Picha tulipata, maneno tulijitungia. Tulikuwa na mtafsiri wetu, kijana wa darasa la sita, na kwa tafsiri yake kila mzungu aliyefungua mdomo alikuwa anadai deni. Ikifika saa tatu usiku mama yangu anatokea chini ya mti ameshika kiatu. Kila sinema ya utoto wangu iliishia hapo, kwa mama na kiatu.

Nikahamia kibanda cha video. Shilingi tano, benchi la mbao, jua linapenya kwenye matundu ya mabati na kumtoboa stering kifuani. Hapo mambo yakinoga, mashine inakula kaseti. Mwenyewe anaifungua, anachokora utepe kwa kalamu, anapangusa hedi kwa spiriti na pamba, anapuliza, anarudisha. Picha inarudi imelala. Stima ikipotea ndiyo basi, na pesa hurudishiwi, kwa maana, anasema, mwanzo umeuona.

Halafu zikaja DVD za River Road, shilingi hamsini. Hizo ndizo zilinimaliza. Unaletewa filamu mpya kabisa, kumbe mtu aliirekodi akiwa ameketi ndani ya sinema na kamera mapajani. Adui anainua bunduki, mara kivuli cha mtu kinasimama, kinaenda msalani. Ninamjua mtu huyo kuliko ninavyowajua waigizaji. Ana kichwa kikubwa na kibofu kidogo. Na mwenye kamera naye lazima alikuwa anawahi matatu, kwa sababu aliondoka kabla ya watu.

Sasa nina televisheni yangu, sofa yangu, hakuna mama wala kiatu. Lakini mtu aliyesimama kwenye foleni ya Jogoo Road saa mbili anakaa kwenye sofa ile, na ikifika dakika ya ishirini yuko safarini.

"Baba Kevo, unakoroma."

"Sikoromi. Nawaza."

"Haya, huyo aliyekufa ni nani?"

"Si ni yule adui."

"Huyo ni waziri. Hii ni taarifa ya habari."

Basi Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi nawapa vijana mfano wangu wa siku zote, Sholay ya mwaka 1975. Nikawaeleza Dharmendra na Amitabh Bachchan, marafiki wawili, na ile sarafu ambayo Amitabh anarusha kila wakitaka kuamua jambo. "Muone bahati ya mtu huyo," nikasema. "Anarusha, anashinda. Anarusha, anashinda. Stering hafi na hashindwi."

Kwenye kiti cha kona palikuwa na mzee mmoja aliyestaafu reli, alikuwa anasubiri ndevu zake kimya. Akakunja gazeti.

"Kijana," akaniambia, mimi mwenye miaka hamsini na mbili, "Amitabh anakufa mle."

Mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Tena ile sarafu haikuwa bahati. Pande zote mbili ni sawa. Rafiki yake anaigundua akishakufa. Wewe hiyo picha uliiona wapi?"

Niliiona kwa jirani, kwenye kaseti ya dakika 180. Sinema yenyewe inapita saa tatu. Yetu ilikatika Amitabh akiwa darajani peke yake na risasi chache, na mimi kwa heshima ya katiba nikamvusha mwenyewe kichwani, nikamrudisha nyumbani salama, nikamwozesha. Amekaa huko zaidi ya miaka thelathini. Sasa niende nimwambie nini mkewe?

Nilirudi nyumbani nikatangaza kwamba leo natazama filamu mpaka mwisho. Kevo akachagua ya Avengers, ile ya mwaka 2018. Nikatengeneza chupa ya kahawa ya tangawizi, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kisicho na mgongo. Saa mbili na nusu, sikufumba jicho. Stering hawakuwa mmoja, walikuwa kama kamati ya mazishi, nikasema vizuri, wamejipanga. Kisha lile jitu la zambarau likapiga vidole, pa, na stering wakaanza kugeuka vumbi. Mfalme wetu wa Wakanda, Mwafrika wa watu, akaenda mapema kabisa. Yule mtoto wa buibui akafa akimshikilia mtu mzima. Na adui? Adui ameketi nje ya kibanda chake shambani, anatazama jua, anatabasamu kama mtu aliyelipwa pensheni yote kwa mkupuo.

"Kevo, nani anamshika huyu?"

"Hadi ile ya 2019, dadi. Ni saa tatu na dakika moja."

Nikainuka. Akanivuta shati. "Ngoja, kuna kipande kingine baada ya majina. Hicho ndicho mwisho wenyewe."

Majina yakaanza kupanda, meupe juu ya weusi, polepole, na muziki wa kubembeleza. Waliochora. Waliosaidia waliochora. Waliopika. Madereva. Nilifika kwa madereva, nakumbuka, nikawaonea huruma.

Nilipofungua macho kulikuwa na shuka mabegani na jogoo wa jirani anawika.

Jumamosi hii nimeingia kwa kinyozi mapema, kabla ya mzee wa reli. Nikawaambia vijana filamu mpya nimeitazama, stering wanakufa wengi, ni aibu. Mmoja akauliza, "Na kile kipande cha mwisho mwisho, ulikionaje?"

Nikamwambia kinyozi anipake povu, mpaka mdomoni.