Mvinje, Jongoo na Hoja ya Mwenye Nguvu Mpishe

Wengi wetu tumefunzwa kwamba maumbile ni vita, mwenye nguvu mpishe. Hoja hiyo ina uzito. Miti iliyoota karibu karibu hugombea mwanga na maji, na baharini samaki mkubwa humla mdogo. Lakini haitoshi kueleza msitu wa Haller Park, pale Bamburi, karibu na Mombasa.

Hapo zamani palikuwa timbo la kiwanda cha saruji: mwamba mtupu wa matumbawe ya kale, jua kali, na maji ya chumvichumvi chini yake. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kujaribu miti, aina 26. Nyingi zilikufa, mvinje, mti wa pwani wenye majani membamba kama sindano, ukashika. Siri yake iko mizizini, kunakoishi bakteria waitwao Frankia. Hao huchukua nitrojeni, kirutubisho cha mimea, hewani wakaupa mti, nao mti huwalisha sukari. Hata hivyo udongo haukupatikana, kwa sababu majani ya mvinje yana tanini nyingi, kemikali chungu inayochelewesha kuoza, na yalirundikana bila kuoza. Ndipo wakaletwa majongoo wenye miguu myekundu. Wakayatafuna majani yale, kinyesi chao kikaozeshwa na bakteria, mboji ikaanza kujengeka, na miti mingine ikapata pa kuotea.

Kuna atakayesema jongoo hakumsaidia yeyote, alijilia tu. Ni kweli, jongoo hana nia. Ila kinachotazamwa hapa ni nani anaishi kwa kuwa mwingine yupo. Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali: mvinje uleule uliofungua njia hutandaza kivuli na zulia nene la majani, na usipopunguzwa huizuia miche ya miti mingine.

Mwaka 1994 wanaikolojia Mark Bertness na Ragan Callaway walitoa dhana kwamba kusaidiana huzidi mahali penye dhiki, na kugombana huzidi mahali penye neema. Naona Bamburi inawaunga mkono.

Jambo hili linatugusa hata kwenye mikoko. Kule Mwache, hori la bahari karibu na Mombasa, mingi ilikufa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 kushusha udongo uliofukia mizizi. Wanaotaka miche ya kuirudisha ipandwe kwa kuachana wana sababu, kwani ikikua itasongana. Lakini kwenye tope lililo wazi, lenye jua na chumvi kali, mche ulio peke yake huweza kufa kabla haujafikia kusongwa. Mimi ningeipanda kwa mafungu, na palipo na chumvi nyingi ningeanza na mchu, unaoistahimili kuliko mikoko mingine. Kaa nao ningewaacha. Najua hutafuna miche, na hasara hiyo inauma, lakini mashimo yao ndiyo yanayopeleka hewa ndani ya tope. Kazi ya kupunguza miti ije baadaye, ikishashika.