Maneno ya mafundi simu nayo ni Kiswahili

Hapa Unguja, pakizungumzwa lugha barazani, hakosekani wa kusema kuwa kishikwambi (tableti), programu na kufomati si Kiswahili. Husema kwa kujiamini kweli kweli, maana Kiunguja cha mjini ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ikaanzia hapo. Sawa. Lakini Kiunguja hicho kilikuwa kishajaa meza na bendera za Wareno, kalamu ya Waarabu na gari la Wahindi. Hayo hatuyaoni wageni, kwa sababu tumezaliwa tukayakuta.

Waingereza nao walipitia hayo hayo. William Whewell alipobuni neno scientist miaka ya 1830, wasomi wenziwe wengi walilichukia. Television nalo lililaumiwa kwa kuchanganya Kigiriki na Kilatini. Leo nani anayakataa? Na wao hawana hata baraza la kuwapitishia maneno. Sisi tunayo mawili, BAKITA na BAKIZA.

Kipimo changu mimi ni sarufi. Neno likishakubali viambishi vyetu bila kulazimishwa, limeshaingia. Kishikwambi kilipotapakaa wakati wa sensa ya 2022, hakuna aliyehitaji kufundishwa kusema vishikwambi.

Anayebisha akakae kidogo kwa fundi simu pale Darajani. "Ami, kioo kizima, tachi ndiyo imekufa. Na betri limevimba, usilichaji tena." Hebu litazame hilo usilichaji: mtendaji, ukanushi, mtendwa na kitenzi, vyote ndani ya neno moja. Mwingereza mwenye chaji yake akilisikia hatalitambua. Ikiwa hicho si Kiswahili, basi sijui tukiite nini.

Ninayoyaonea shaka ni yale yanayozaliwa semina yakabaki semina. Tarakilishi limeundwa kwa ustadi na kamusini limo, lakini bado sijamsikia mtu mjini akilalamika kuwa tarakilishi yake imeharibika. Ni kompyuta tu.

Sasa watu wanagombania AI iitwe akili mnemba au akili unde. Kwetu sisi Mnemba ni kile kisiwa cha watalii mbele ya Matemwe, kwa hivyo mie naona unde litatutokea mdomoni kwa wepesi zaidi. BAKIZA wakiniuliza, nitawajibu hivyo hivyo.