Sikufukuzwa Hemani

Kwanza kabisa: sikufukuzwa. Nyinyi mlioamka Jumatatu mkasoma kwenye simu kwamba Baba Neema alilazwa na mkewe ndani ya buti la gari usiku wa kusherehekea ndoa yao, mmelishwa habari na mtu aliyefika mechi ikiwa dakika ya themanini. Mtu mwenyewe ni mweka hazina wa chama chetu. Hesabu za Machi hajazitoa hadi leo, ukimuuliza anakwambia mambo ya pesa ni siri. Yangu aliyatoa kabla ya chai ya asubuhi, tena kwa makundi matatu.

Basi nisimulie mwenyewe, sukari ya keki ikiwa bado haijaniisha mwilini, mahali ambapo sitapataja.

Mnajua safari hii niliitangaza tangu Januari. Miaka 10 ya ndoa si mchezo. Mama Neema alitaka twende Mombasa kwa shangazi yake. Mimi nikamwambia Mombasa kila mtu huenda, sisi tutashuka Naivasha tukaonje mvinyo shambani, katikati ya mizabibu, kama watu wa Ufaransa. Kutoka hapa Nakuru ni kilomita 70 hivi, mafuta hayaumizi. Ila ilikuwa Aprili, na mtu yeyote aliyekulia Bonde la Ufa anajua Aprili ni mwezi wa kupanda mahindi, si wa kutembeza mapenzi.

Kosa la kwanza lilikuwa begi. Nyumbani tuna mabegi mawili meusi, mapacha. Moja lilikuwa na nguo zangu. La pili lilikuwa na mapazia ya sebuleni yaliyokuwa yakisubiri dobi. Naona mmoja wenu ameshaanza kucheka. Ngoja, bado.

Kosa la pili ni Kikopey. Sikupanga kusimama, naapa. Lakini wewe pita Kikopey dirisha likiwa wazi, ule moshi wa mbuzi ukushike kola, halafu uje uniambie hukusimama. Kilo moja na nusu, ugali na kachumbari. Mama Neema alikuwa na gauni jeupe alilolinunua kwa ajili ya picha za shambani. Akala kwa ncha za vidole, kiwiliwili kakirudisha nyuma kama mtu anayepuliza moto, akaniambia, "Kwa hivyo hii ndiyo Ufaransa."

Shambani tulipokewa na kijana mpole mwenye mwavuli mmoja wa watu watatu. Mvua yenyewe ilikuwa ile isiyo na haraka, kana kwamba imelipwa kwa siku. Kijana anajua kazi yake, hilo nampa. Alitueleza kwamba Ufaransa mzabibu hulala wakati wa baridi kali, ukapumzika, kisha ukaamka wenyewe. Huku kwetu, karibu na ikweta, hakuna baridi ya kuulaza, hata pale Naivasha karibu mita 1,900 juu ya bahari. Usipoushika kwa mkasi ukaupogoa, unaendelea tu kuota majani bila kujua ni msimu gani. Mama Neema akasema kuna wanaume wa hivyo pia. Kijana akacheka sana. Zaidi ya ilivyohitajika, kwa maoni yangu.

Tukaonja. Unazungusha glasi, unanusa, unafumba macho, unasema umenusa nini. Mama Neema akanusa ule mweupe, akasema mapera. Kijana akafurahi. Nikanusa mimi, nikasema mbuzi. Jamani, vidole vyangu vilikuwa vimetoka Kikopey, glasi naishika kwa mkono uleule, nilitaka nidanganye? Halafu kulikuwa na ndoo ya kutemea. Kijana akasema wataalamu hutema ili wasilewe. Nikamwambia mimi si mtaalamu na nimeshalipa.

Kwa sababu hiyo, gari lilipokwama kwenye tope njiani kutoka shambani, usukani ulishikwa na Mama Neema, mimi nikashuka kusukuma. Nikamwambia akanyage mafuta polepole. Alikanyaga kama anayeua nyoka. Tairi likazunguka, tope likapaa, na nilipofumbua macho nilikuwa nimepigwa lipu kuanzia paji la uso hadi kwenye soksi. Tukaja kutolewa na trekta. Dereva wa trekta aliniuliza kama niko sawa akiwa ameangalia pembeni, kwa heshima.

Kambi tuliyofikia siitaji jina. Ina mahema ya kudumu yenye kitanda na bafu, yamepangwa kwenye nyasi zinazoshuka hadi ziwani. Askari wa usiku, mzee mmoja mwenye koti refu la mvua, alitupa masharti: "Giza likiingia msitembee peke yenu. Mulikeni tochi kuelekea getini, nitakuja kuwachukua. Viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi, na nyasi zenyewe ndizo hizi." Akaonyesha waya wa umeme uliozunguka upande wa ziwa. "Ule huwazuia. Lakini mvua ikizidi stima hupotea, na stima ikipotea ule ni waya wa kuanika nguo."

Haya yote niliyasikia. Nilikuwa nimesimama palepale, natikisa kichwa. Ila mawazo yalikuwa kwenye begi, kwa maana nilikuwa nimetoka kulifungua na kukutana na mapazia ya kahawia, yale yenye maua.

Sasa hesabuni na mimi. Suruali moja, imefuliwa tope, inachuruzika bafuni. Shati hali kadhalika. Ya ndani pia, tope halibagui. Kitu kikavu ndani ya hema kilikuwa mapazia, mashuka ya wenyewe, na leso ya Mama Neema, nyekundu, zawadi ya yule shangazi wa Mombasa. Nikajifunga leso. Maandishi yake sikuyasoma. Mwanamume asomea wapi maandishi ya leso?

Saa tatu usiku stima ikapotea. Nakumbuka nikisema, "Heri, mwanga wa mshumaa una mahaba."

Na hapa ndipo Mweka Hazina amewadanganya. Nilitoka hemani kwa hiari yangu. Ndani ya buti nilikuwa nimeficha keki, imeandikwa HONGERA MPENZI 10, na mpango ulikuwa saa sita kamili usiku, tarehe yenyewe ikiingia, Mama Neema aamshwe na keki. Hayo ni mapenzi. Huyo ndiye mtu mnayemwita kibogoyo wa mahaba.

Saa sita kasoro dakika tano, simu imezimika, yeye anakoroma kidogo (atakana). Nikafungua zipu ya hema jino moja moja. Nje giza la kukatwa kwa kisu, mvua imebaki ya rasharasha. Gari liko chini ya mgunga, hatua arobaini hivi. Nilizitembea pekupeku, ufunguo mkononi, leso nimeikunja fundo kiunoni. Nikachomeka ufunguo kwenye buti, likafunguka, taa ndogo ya ndani ikawaka. Nikalichukua boksi la keki. Nikageuka.

Kati yangu na hema kulikuwa na jiwe.

Nikajiuliza, hili jiwe nimelipitaje? Kubwa, mviringo, linang'aa kwa mvua. Nikajiambia labda nimekuja kwa upande mwingine. Kisha nikasikia sauti kama mtu anayechana shuka kuukuu, polepole, bila hasira: chraap. Kimya. Chraap. Jiwe lilikuwa linakula.

Nawaambia ukweli, sikupiga kelele. Si kwa ushujaa. Sauti niliitafuta sikuiona. Kiboko dume huweza kupita kilo 1,500, na sikuwa nahitaji mtu wa kunipimia. Akainua kichwa. Masikio yakazunguka, yale masikio madogo ya kuchekesha ambayo kwenye picha huwa tunasema ni mazuri. Akapiga hatua moja upande wangu. Moja tu. Labda alifuata nyasi. Mimi sikubaki kufanya utafiti. Nikarudi nyuma, makalio yakagusa buti, nikajitupa ndani na keki yangu, nikaushika mlango wa buti kwa ndani na kuuvuta kwa nguvu zote alizonijalia Mungu.

Ukafunga. Paa! Nikashukuru. Halafu nikasikia baridi.

Leso ilikuwa imebanwa na mlango. Si ncha, si pindo. Yote. Fundo lilifunguka wakati naruka, na nguo nzima ikabaki nje, inaning'inia nyuma ya gari kama bendera. Ndani nilibaki mimi, kama Adamu kabla hajaonyeshwa majani. Ufunguo nao ulikuwa nje, kwenye kitasa. Nikaamua nipenye kati ya viti nifike mbele. Goti langu la kwanza lilipogusa kiti cha nyuma, gari likaanza kulia.

Hili gari ni la kuazima, la shemeji. Shemeji alifungiwa king'ora na fundi wa Nakuru ambaye alimhakikishia kwamba hata nzi akitembea ndani litapiga. Naomba nithibitishe kwamba fundi yule hakumwibia. Lilipiga milio sita tofauti. Ule wa ambulensi, ule wa kunguru, na mmoja kama mbuzi anayelalamika, nikajua Kikopey imenifuata. Taa zote zinawaka na kuzima. Kila zikiwaka namwona kiboko akiniangalia. Zikizima simwoni, na hapo ndipo pabaya zaidi. Ziliwaka, yupo. Zikazima. Zikawaka, hayupo, nikasikia maji ya ziwa yakipokea mzigo.

Nilikuwa na sekunde kama tano za furaha.

Kisha tochi. Ya kwanza ya askari, anakuja mbio akisema, "Nani hapo?" Ya pili kutoka hema la tano. Ya tatu. Miavuli ikafunguka. Wageni wote wa ile kambi, waliokuja Naivasha kutafuta utulivu, wakajipanga nyuma ya gari nusu duara, kama kwenye kesi ya mzee wa mtaa. Mimi nimejikunja kama herufi C, nimejifunika kwa kitu pekee nilichokuwa nacho, boksi la keki, na mfuniko wake ulikuwa umeshalegea kwa mvua.

Askari akamulika kioo. Akaona uso wangu. Akateremsha tochi. Akaipandisha haraka.

"Mzee, nikufungulie?"

"Usifungue!"

"Ufunguo uko hapa hapa."

"Nimesema usifungue! Waambie wageuke kwanza!"

Hakuna aliyegeuka. Badala yake tochi moja ikatua kwenye leso. Ilikuwa imetandazika vizuri, hata shangazi asingeitandaza hivyo dukani. Na sauti ninayoijua, sauti inayotusomea kumbukumbu za kikao kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, ikasoma taratibu, ikitamka kila neno:

"JAPO SIPATI, TAMAA SIKATI."

Kimya kidogo. Hata king'ora kilinyamaza, nadhani kilikuwa kinabadilisha mlio. Kisha Mweka Hazina akainama kwenye kioo na kusema, "Baba Neema? Ni wewe?"

Kambi zote zilizozunguka ziwa zima, yeye na mkewe walichagua hiyo. Na wao walikuja kuonja mvinyo. Na mwanamume mwenzangu, badala ya kuwatawanya watu, anamwambia mkewe, "Mama, njoo uone." Yule mama alikuja, akaona, akanipa pole ya msibani, ile ya kushika kifua.

Mama Neema alifika wa mwisho, amejitanda pazia la kahawia lenye maua. Umati ukampisha. Akaangalia leso, akaangalia gari, akaniangalia mimi. Nikajaribu kutabasamu. Nikainua boksi kidogo kumwonyesha maandishi, nikakumbuka kwa nini boksi lilikuwa pale, nikalirudisha haraka, na hapo ndipo keki na mimi tulipokutana rasmi.

"Hongera mpenzi," nikasema kupitia kioo.

Akasema, "Saa sita na dakika nane. Umechelewa."

Mengine ni mafupi. Askari aliwageuza watu kwa amri, buti likafunguliwa, nikapewa leso, nikarudishwa hemani chini ya ulinzi. Keki tuliila upande uliosalia, upande wa HONGERA. Asubuhi suruali bado mbichi, nikavaa hivyo hivyo. Kwenye chai watu walinisalimia kwa jina ambalo sikuwaambia. Shemeji ameuliza kwa nini gari lake linanuka vanila, nikamwambia ndiyo manukato ya kisasa.

Kikao cha chama ni Jumapili hii, na nimeona ajenda imeandikwa "Mengineyo: usalama wa wanachama safarini." Nitakuja. Na nitauliza hesabu za Machi. Nyinyi mnaonitumia vibonzo vya kiboko aliyevaa leso, nimewaona wote, namba zenu ninazo.

Leso imefuliwa. Mama Neema ameianika upande wa barabara, maandishi yakiangalia nje.