Kutazama Doctor Who na watu wa nyumbani ni adhabu

Jamani hivi ni mimi peke yangu? Ukiwa shabiki wa Doctor Who, ile tamthilia ya TV ya Uingereza, hapa Mombasa ushajitafutia presha. Kitu kimeanza 1963, kikasimama 1989, kikarudi 2005, sasa we mwambie mgeni aanzie wapi? Nawawekea ya 2005, hata hatujakaa vizuri shangazi ashauliza, "Huyu ni jini?" Si jini shangazi, huyo ndiye Doctor, ni mtu wa sayari nyingine, akikaribia kufa anageuka, anapata mwili mwingine na sura nyingine. "Basi si jini huyo!" Haya. Binamu naye macho kwenye simu, hatazami, lakini kila saa kwani huyo nani, kwani wako wapi, mbona hicho kisanduku cha polisi anachosafiria ndani kikubwa hivyo? Si utazame yakhe! Ikisha Doctor akageuka mwanamke, mwigizaji Jodie Whittaker, weee, nyumba nzima mayowe, yule mwanamume kaenda wapi, kafa, katalikiwa? Katalikiwa na nani sasa?! Na Dalek, wale maadui wa Doctor wenye gamba la chuma, wakitokea, mie nywele zimenisimama, mamangu anacheka mpaka mbaazi zamwagika kwenye mkeka, eti pipa la maji laongea. Na hao hao ukizima TV, "mbona wazima, kesho usianze bila sisi."