Rivolva inakuumiza mkono? Anza na mpini

Watu wakianza kulalamika kwamba rivolva yao inapiga teke sana, utawasikia wanataka kuiuza wachukue kubwa zaidi, au wanahangaika kubadilisha risasi, mpini hata hawaugusi. Mimi niko huku Texas, maduka ya silaha yana ukuta mzima wa mipini ya kubadilishia, na nikiangalia watu wanavyonunua naona wengi wanachagua kwa macho, au wanabeba ule wa raba mnene kuliko yote wakidhani unene ndio ulaini. Sio hivyo jamani.

Chukua Smith & Wesson ndogo, zile za fremu ndogo wanayoiita J, mfano Model 642: inabeba risasi tano za aina ya .38 Special, na uzito wake ikiwa tupu haufiki nusu kilo. Ukiipiga risasi ile ile kwenye bastola ya kilo moja na zaidi chuma kinameza sehemu kubwa ya teke, lakini huku chuma chenyewe kiko wapi, kwahiyo lote linakuja mkononi. Sasa angalia Model 36, babu wa hizi ndogo, iliyotoka mwaka 1950. Kiasili inakuwa na vibao viwili vyembamba vya mbao ubavuni, mgongo wa chuma uko wazi, na pale nyuma ya kinga ya triga umebaki mwanya. Huo mwanya ndio mchawi. Ukifyatua, mdomo wa bastola unanyanyuka, kidole cha kati hakina cha kukishikilia, na kinga ya triga inakigonga juu ya kifundo. Maliza silinda mbili tatu (ile ngoma inayozunguka yenye risasi) halafu kitazame hicho kidole, kimeiva. Mtu anasema risasi kali, wakati risasi haina kosa lolote.

Ndio maana kwangu swali la kwanza sio raba au mbao, swali ni je mpini huu unaziba ule mwanya? Wamarekani walishalishughulikia zamani tu, kuna kidude kinaitwa Tyler T-Grip, kipande kidogo cha chuma unakipachika mbele ya fremu, kinajaza pale nyuma ya kinga ya triga na vibao vyako vya asili vinabaki palepale. Kama una rivolva ya zamani nzuri, anza na hicho kabla hujaivalisha raba ikaonekana kama bomba la mafuta.

Raba nayo sio mbaya, sikatai. Kampuni ya mipini ya Hogue ilianzishwa na askari polisi wa Los Angeles, Guy Hogue, mwaka 1968, na ule mpini wao wa kipande kimoja unaoingia kutokea chini na kufungwa na skrubu ya kwenye kitako, pale chini ya mpini, ni kazi ya akili, hauna vipande viwili vya kucheza cheza mkononi. Pachmayr pia wazuri. Kwa bastola ya kwenda nayo renji tu, yaani uwanja wa kulenga shabaha, raba inayofunika mpaka mgongo wa chuma ni raha, maana ile nyama kati ya gumba na kidole cha shahada inapumzika. Ila ukiibeba mwilini chini ya shati, raba inang'ang'ania nguo, shati linapanda nayo na kila mtu dukani anajua una nini kiunoni. Hapo mbao laini inashinda. Kuna mafundi wa mbao wanatumia hata mpingo, huu huu wetu wa Kusini, unapendeza kweli, bei usiulize.

Halafu kuna jambo la ukubwa wa mkono, na hapa ndio raba nene inawaangusha wengi. Mke wangu ana vidole vifupi, alipewa ajaribu ya fremu ya K, kubwa kuliko J, yenye raba kubwa iliyofunika mgongo, akawa anaifikia triga kwa ncha ya ukucha tu, na triga ya rivolva ukiivuta bila kupandisha nyundo ni kama kilo tano hivi, sasa kwa ncha ya kidole unaivutaje? Inabidi uzungushe mkono mzima, na mkono ukizunguka teke linapiga kwenye mfupa wa gumba. Akawekewa mpini mwembamba unaoacha mgongo wazi, basi, akatulia. Mnene ungemuumiza zaidi. Ukiwa dukani hakikisha silinda ni tupu, angalia mara mbili, halafu ishike kwa mpini, mtutu ukiwa umenyooka kwenye mstari mmoja na kigasha chako, kidole kikae kwenye triga vizuri bila kujinyoosha. Haifiki? Rudisha ukutani.

Ile mipini iliyochongwa mabonde ya kukalisha vidole siipendi kabisa. Mtu wa kiwandani kakadiria vidole vya nani? Ni kama kununua kiatu ambacho tayari kina alama ya nyayo ya mtu mwingine, kikikupata sawa, kisipokupata kila tuta linakukaa katikati ya kidole.

Kabla hujalipa uliza fremu: J ni J, K na L zinavaliana, lakini kitako cha mviringo na cha mraba havibadilishani hivi hivi. Wenye Ruger GP100 wana bahati, ile badala ya fremu kamili ya mpini ina kijiti tu cha chuma, kwahiyo fundi anachonga umbo analotaka. Na kama unatumia kile kifaa cha kupakia risasi zote kwa mpigo, kibao cha kushoto kiwe kimepunguzwa pale juu, la sivyo hicho kifaa kitakigonga.

Kuvitoa vya zamani usichokonoe na kisu. Legeza skrubu mizunguko michache, bonyeza kichwa chake taratibu, kibao cha upande wa pili kitajitokeza chenyewe. Kama ni Smith & Wesson ya zamani geuza kibao cha kulia utazame ndani, nyingi zina namba ya bastola imeandikwa pale, na ikilingana na ya kwenye chuma basi funga vibao vyote na skrubu yake kwenye mfuko uweke kabatini, maana wakusanyaji wanalipia zaidi bastola yenye vibao vyake.